UZI: Kupanga nyumba ndani ya kiwanda cha zamani cha pamba, Lowell (Massachusetts). Nini kikaguliwe kabla ya kutia sahihi?

mto_merrimack (mleta mada)

Wakuu, heshima kwenu. Kuna nyumba ya vyumba viwili inapangishwa Lowell, ghorofa ya 3, ndani ya kiwanda cha pamba cha karne ya 19 kilichogeuzwa makazi, kando kabisa ya mfereji. Matofali wazi, boriti wazi, dari futi 13, na madirisha ambayo mtu mzima akisimama mbele yake anaonekana mtoto. Joto ni la umeme, bili kwa mpangaji. Familia ina mtoto wa miaka 3. Sahihi ni wiki ijayo.

Kwamba panapendeza hatubishani. Wanaoyajua majengo haya waseme: kipi kikaguliwe, kwa kipimo gani, na kipi huharibika.

Fundi_Chokaa

Anza na jinsi lilivyojengwa, maana karibu kila kero ya humo inatokea hapo. Kiwanda cha Boott kilichoanza 1835 na wenzake wa kando ya mto Merrimack viliendeshwa kwa nguvu ya maji ya mifereji, na ndani vilijaa pamba, vumbi lake na mafuta ya mashine. Moto ndio uliokuwa ukiogopwa kuliko kitu kingine. Kampuni za bima zikashinikiza ujenzi wa kuungua polepole: kuta nene za matofali, nguzo na boriti nzito, na sakafu ya mbao za inchi 3 hivi zilizolazwa moja kwa moja juu ya boriti, kisha mbao ngumu za inchi 1 juu yake. Hakuna uwazi wowote katikati, kwa sababu moto hupenda kujificha na kusafiri kwenye uwazi. Boriti nene ikishika moto hufanya mkaa kwa nje, ndani ikabaki na nguvu.

Kwa hiyo dari unayoisifu ndiyo sakafu ya jirani wa juu. Hakuna cha kumeza kishindo. Akidondosha mwiko, unausikia kana kwamba umedondoka kwako.

Namna ya kujua kama waliogeuza jengo walishughulikia hilo: tazama chini, kisha tazama juu. Ukiona mbao za zamani chini ya miguu na mbao za zamani juu ya kichwa, basi hakuna kitu katikati. Ukiona mbao za zamani juu lakini sakafu yako ni mpya, na mlangoni pa lifti au penye ngazi kuna mwinuko mdogo wa sentimita 3 hadi 5, huenda walitandika mkeka wa kuzuia sauti na kumwaga tabaka la jasi juu yake kabla ya sakafu mpya. Hiyo ndiyo unayoitaka. Usikisie tu, mwulize msimamizi.

Siku ya kuangalia nyumba, dalali apande juu atembee na viatu kwa dakika 2, wewe ubaki chini kimya. Akikataa, umepata jibu.

Sauti_ya_Juu

Naongeza kwa Fundi. Watu hununua zulia wakidhani limewatibu. Zulia lako linamsaidia wa chini yako. Wewe utasaidiwa na zulia la wa juu, kwa hiyo soma mkataba kama unalazimisha wapangaji wote kufunika sehemu fulani ya sakafu. Na zulia tupu halitoshi, chini yake litiwe felti nzito ya inchi 3/8, karibu milimita 10. Sponji nyepesi ya bei rahisi hulala baada ya miezi michache.

Wanaotaka kimya wachukue ghorofa ya mwisho. Lakini huko uliza paa. Kwa kuwa mbao za dari zimeachwa wazi, kinga ya joto haiwezi kukaa ndani, ni lazima iwe juu ya mbao chini ya tabaka la paa. Uliza paa lilifanywa upya mwaka gani na kinga hiyo ni ya unene gani.

umeme.na.joto

Mimi nije kwenye bili, maana hapo ndipo watu hulia Januari.

Kwanza, "joto la umeme" ni maneno mawili tofauti. Ukiona makasha marefu ya chuma yamelala chini ya madirisha, hayana feni, hayo ni ya waya wa kupasha: uniti 1 ya umeme inakupa uniti 1 ya joto, basi. Ukiona mashine yenye feni na kichujio, huenda ni pampu ya joto, na hiyo kwa uniti 1 inakupa 2 hadi 3, kutegemea baridi ya nje. Tofauti ya bili ni kubwa mno kwa nyumba ya dari futi 13. Omba matumizi ya miezi 12 ya nyumba hiyohiyo, kwa uniti, si kwa dola, maana bei ya umeme hubadilika.

Pili, hewa moto hupanda. Kwenye dari ya futi 13 unapasha boriti kwanza, miguu baadaye. Feni ya dari ina swichi ndogo ya kugeuza mzunguko. Majira ya baridi iweke isukume hewa juu, kasi ya chini kabisa: joto lililokusanyika darini linashuka pembeni kwa ukuta bila kukupulizia. Kama hakuna feni, uliza kama unaruhusiwa kufungiwa.

Tatu, madirisha, na hili ndilo zito. Nje ikiwa nyuzi -10 za Selsiasi na ndani 21, uso wa ndani wa kioo kimoja unakaribia sifuri, hata chini yake. Kioo cha tabaka mbili kiko karibu na 10. Hewa ya nyuzi 21 yenye unyevu wa asilimia 40 huanza kutoa maji ikigusa kitu cha nyuzi 7. Hapo hesabu inajisema: kioo kimoja kitalia maji usiku kucha, maji yatatuama kwenye kizingiti cha mbao, rangi itabanduka, kisha ukungu. Cha tabaka mbili kitabaki kikavu ukiweka unyevu kati ya asilimia 30 na 40. Kipima unyevu kidogo cha mezani ni bei ya sahani moja ya chakula, nunua.

mto_merrimack

Dalali anasema madirisha "yalifanyiwa ukarabati". Nitajuaje ni tabaka ngapi?

umeme.na.joto

Washa tochi ya simu, isogeze karibu na kioo kwa pembeni, hesabu mwanga unaorudi. Kioo kimoja kinarudisha nukta 2 zilizobanana. Tabaka mbili zinarudisha nukta 4, jozi mbili zenye nafasi kati. Au tazama ukingoni: tabaka mbili zina utepe wa chuma au plastiki kati ya vioo.

Usishangae ukikuta fremu ni ya zamani na kioo ni kimoja, lakini kwa ndani wameongeza fremu ya pili nyembamba yenye kioo chake. Hiyo ni njia halali na inafanya kazi vizuri, ila sharti fremu ya ndani izibe kabisa. Ikivuja, mvuke wa chumbani unaingia katikati na kuganda kwenye kioo cha nje, halafu hupati pa kupangusia.

Bi_Mkataba

Watu huuliza kwa nini wasibadilishe madirisha yote tu wakaweka ya kisasa. Sababu ni fedha. Serikali kuu ya Marekani hutoa nafuu ya kodi ya asilimia 20 ya gharama za ukarabati kwa jengo la kihistoria linaloingiza kipato, na sharti lake ni kufuata viwango vinavyosimamiwa na idara ya hifadhi za taifa. Mpangilio wa madirisha ya kiwanda ni sehemu ya sura ya jengo, mwenye jengo hawezi kuyageuza apendavyo. Akiliuza jengo au kulibadilisha matumizi ndani ya miaka 5, sehemu ya nafuu hiyo inarudi serikalini. Ndiyo maana nyumba nyingi za namna hii ni za kupangisha, si za kuuza moja moja.

Kwako wewe mpangaji maana yake ni hii: kiyoyozi cha kuning'inia dirishani huenda kikapigwa marufuku, na madirisha mengine hufunguka kwa kuinama tu kwa hiyo hakikai hata kikiruhusiwa. Chukua cha magurudumu chenye mabomba mawili. Cha bomba moja kinatoa hewa ya chumbani nje na kuvuta hewa moto kutoka kwenye korido, unapoza huku unapasha.

Sasa sheria za Massachusetts, kwa kifupi.

Mwenye nyumba akikuingiza anaweza kudai kodi ya mwezi wa kwanza, ya mwezi wa mwisho, dipoziti isiyozidi kodi ya mwezi mmoja, na gharama ya kitasa kipya. Zaidi ya hapo si halali. Ada ya dalali, tangu 1 Agosti 2025, inalipwa na aliyemwajiri. Dipoziti inawekwa benki ya ndani ya jimbo, akaunti ya pekee yenye riba, na ndani ya siku 30 akupe risiti yenye jina la benki na namba ya akaunti. Anatakiwa kukupa orodha ya hali ya nyumba ndani ya siku 10, nawe una siku 15 za kuirudisha na masahihisho yako. Hiyo karatasi usiidharau. Kwenye jengo la miaka zaidi ya 150, kila ufa, doa la mafuta na ubao uliopinda uandikwe na kupigwa picha, vinginevyo vitakuwa vyako siku ya kuhama.

Joto: kuanzia 15 Septemba hadi 31 Mei nyumba iweze kufika nyuzi 68 za Farenihaiti, sawa na 20 za Selsiasi, kutoka saa 1 asubuhi hadi saa 5 usiku, na 64, karibu 18 za Selsiasi, muda uliobaki. Kama bili ni yako, ni lazima iandikwe kwenye mkataba. Isipoandikwa, ni ya mwenye nyumba. Na hata ukilipa wewe, mitambo yenye uwezo wa kufika kiwango hicho ni jukumu lake.

Mwanarika_wa_Lowell

Bi Mkataba amesema vyema. Niongeze kuhusu mita. Majengo yaliyogawanywa huwa na nyaya zilizopotea njia, taa za korido zikaangukia mita ya mtu. Kupima: zima swichi zote kwenye ubao wako wa umeme, nenda kwenye mita yako, subiri dakika 5. Namba ikiendelea kupanda, kuna mtu unamlipia.

Halafu intaneti. Ukuta wa matofali wa nusu mita unaua mawimbi, hasa ya gigahezi 5. Ruta isiwekwe pale fundi wa kampuni alipoichomeka karibu na mlango. Ipeleke katikati ya nyumba, juu ya kabati.

Fundi_Chokaa

Tukiwa kwenye matofali: kutundika vitu. Ukuta huo umejengwa kwa chokaa laini, wala si saruji. Ukitoboa tofali lenyewe, linapasuka uso na hulirudishi. Toboa kwenye kiungo, keekee ya biti milimita 6, bila mpigo wa nyundo, kina sentimita 5, vuta vumbi, kisha plagi ya ukutani. Kiungo kikimwagika unga mfululizo bila kugota, acha, hapo hapabebi kitu. Chochote zaidi ya kilo 5 kipeleke kwenye ukuta mpya wa ndani wenye nguzo za chuma au mbao, au kwenye boriti kama mkataba unaruhusu.

Ukiona kwenye ukuta wa nje weupe kama chumvi, hiyo ni chumvi kweli: maji yanapita ndani ya ukuta na kuiacha juu yakikauka. Mara nyingi chanzo ni mfereji wa paa uliovuja, au fundi aliyejaza viungo kwa saruji ngumu. Saruji inafunga maji ndani ya tofali, baridi ikija yanaganda, yanavimba, uso wa tofali unaruka. Pangusa kwa brashi kavu, weka alama ya penseli kuzunguka doa, andika tarehe. Likitoka nje ya alama, mwandikie mwenye nyumba.

Shangazi_Rehema

Mleta mada ametaja mtoto wa miaka 3 na nyote mmepita. Rangi ya madini ya risasi ilipigwa marufuku kwenye makazi Marekani mwaka 1978, na jengo hilo limeizidi marufuku hiyo zaidi ya karne. Hatari kubwa haiko ukutani, iko kwenye dirisha: mbao mbili zenye rangi ya zamani zikisuguana kila unapofungua, vumbi linaanguka kizingitini, mtoto anaweka mikono hapo kisha mdomoni.

Massachusetts inataka risasi iondolewe au ifunikwe panapoishi mtoto wa chini ya miaka 6 katika nyumba iliyojengwa kabla ya 1978. Mwombe mwenye nyumba hati ya mkaguzi aliyeidhinishwa, si maneno. Hana haki ya kukunyima nyumba kwa sababu una mtoto. Vipimo vya damu ya mtoto kwa risasi jimboni humo ni vya lazima kabla hajatimiza mwaka, tena miaka 2 na 3, basi cha miaka 3 msikikose.

Usafi: kitambaa chenye maji na sabuni kwenye vizingiti, kila wiki, kisha kitupwe. Ufagio mkavu unarusha vumbi hewani.

Mwanarika_wa_Lowell

Kwa kuzuia baridi kuna ile plastiki nyembamba ya kubandika kwenye fremu kwa utepe wa gundi pande zote mbili, unaipuliza kwa mashine ya kukaushia nywele inakazana kama ngoma. Rahisi na inasaidia.

Shangazi_Rehema

Inasaidia mwanangu, lakini siku ya kuibandua utepe unang'oa rangi. Kama ile rangi ni ya zamani, umemwaga risasi chumbani mwenyewe. Ibandikwe tu kwenye fremu yenye rangi mpya iliyokaguliwa, na utepe upashwe moto kidogo kabla ya kuvuta.

Mwanarika_wa_Lowell

Nimekubali, shangazi.

jikoni_loftini

Wapishi, sikilizeni. Jiko limo sebuleni, na kofia ya kuvutia moshi mara nyingi haitoi nje, inachuja na kurudisha. Kichujio cha chuma kioshwe kila mwezi kwa maji moto na sabuni, cha mkaa kibadilishwe kila miezi 3 hadi 6. Ukikaanga samaki bila hivyo, matofali yananyonya harufu, hayapakwi rangi wala hayaoshwi. Fungua dirisha la mbali kidogo kabla ya kuwasha mafuta, si baada.

Na vile vichwa vya maji ya zimamoto darini: usitundike nguo, taa wala puto. Kifuko kidogo cha kioo kilicho ndani hupasuka kwa joto, vingi kwenye nyuzi 68 za Selsiasi, lakini kigongo cha kufagilia utando kinatosha pia. Kikipasuka hutoka maji meusi ya mabombani, zaidi ya lita 50 kwa dakika, hadi mtu afunge koki kuu. Kabati na masanduku viachwe sentimita 45 chini ya vichwa hivyo. Moto wa Lawrence Mills, hapohapo Lowell, mwaka 1987, ni kumbukumbu kwamba boriti nene peke yake haitoshi.

bandari_salama

Dokezo dogo nje ya mada: ile nguo ya "merikani" iliyoshuka Unguja karne ya 19 ilifumwa kwenye viwanda vya Massachusetts, ikapakiwa meli za Salem. Jina tulilobaki nalo limetoka huko. Endeleeni.

Kando_ya_Mfereji

Maji sasa. Mhandisi James B. Francis alijenga lango kubwa la mbao mfereji wa Pawtucket mwaka 1850, watu wakamcheka. Likateremshwa mafuriko ya 1852 likaokoa mji, na tena 1936. Mto ulifurika vibaya tena Mei 2006. Tazama ramani rasmi ya mafuriko kwa anwani kamili ya jengo. Ghorofa ya 3 vitu vyako viko salama, ila gari la chini na chumba cha mitambo je? Umeme na lifti vikizimika utapanda ngazi. Bima ya mpangaji ya kawaida hailipi mafuriko. Ya serikali kuu ipo, mpangaji anaweza kukinga vitu hadi dola 100,000, lakini huanza kufanya kazi baada ya siku 30.

Wa ghorofa ya chini wana jambo la ziada: kemikali za kiwanda ardhini. Idara ya mazingira ya jimbo ina orodha ya maeneo yaliyochafuliwa, inatafutika mtandaoni kwa anwani. Ukikuta eneo lina masharti ya matumizi yaliyosajiliwa, yasome yanazuia nini.

mto_merrimack

Asanteni sana. Maswali mawili ya mwisho. Chumba cha pili cha kulala hakina dirisha, ukuta wake haufiki darini. Na mapazia: dirisha ni futi 9 kwenda juu.

Bi_Mkataba

Viwanda vya mwanzo vilikuwa vyembamba ili mwanga ufike katikati. Vya baadaye vilipanuka, na ndivyo vinavyozaa vyumba vya giza kama hicho. Kanuni za jimbo zinataka chumba cha kulala kiwe na futi za mraba 70 kwa mtu mmoja, au 50 kwa kila mtu kikilala zaidi ya mmoja. Pima. Kisha omba kwa maandishi jibu la swali moja: chumba hicho kimeidhinishwa kuwa cha kulala, au kimeandikwa kuwa ofisi au stoo? Kama ni stoo, unalipia vyumba viwili na kupata kimoja. Ukihitaji mkaguzi wa afya wa mji aje baada ya kuhamia, mwite. Mwenye nyumba akikupa notisi ndani ya miezi 6 baada ya malalamiko yako, sheria inaanza kwa kumshuku yeye.

Na ukuta usiofika darini hauzuii sauti wala harufu ya kitunguu. Mtoto alale upande wenye dirisha.

Sauti_ya_Juu

Pazia: za dukani nyingi zinaishia inchi 84 au 96. Futi 9 ni inchi 108 kabla hujahesabu fimbo na kushuka sakafuni, kwa hiyo tafuta za 120 au shonesha. Kitambaa kizito chenye bitana, upana mara moja na nusu ya dirisha. Fimbo ifungwe kwenye mbao ya juu ya dirisha, si kwenye matofali. Ila pazia zito likishuka kabisa linaacha kioo kikipoa zaidi, na maji yanaongezeka nyuma yake. Kila asubuhi lifunguliwe, kizingiti kipanguswe.

bandari_salama

Kwa bitana, merikani.